Siku sita za pikipiki, kila jioni narudi kulala kwangu

Nilikuwa na likizo ya wiki moja, kila mtu ananiuliza unaenda wapi, nikawa najibu siendi popote. Mpango ulikuwa rahisi tu, asubuhi natoka na pikipiki kuelekea upande mmoja, jioni kabla giza halijaingia nipo nyumbani, kesho yake natoka upande mwingine. Hamna mizigo ya kufunga kamba, hamna kuhangaika pa kulala. Mgongoni nina begi dogo lenye maji, koti la mvua, vifaa vya kuziba pancha na spana tatu, basi. Pikipiki yangu ni ya cc 250, pistoni moja, imeshakula chumvi kidogo, tenki linaingia lita 13 na lita moja inanipeleka kama kilomita 30 nikiendesha kwa adabu, kwa hiyo tenki likijaa nina kama kilomita 390 kabla sijaanza kusukuma. Hesabu hiyo ndo inaamua nafika wapi, mi nafuata tu. Haya nimeyaandika kila jioni kabla sijaoga, yakikaa hovyo mnivumilie.

JUMATATU

Upepo wa matairi nimepima asubuhi kabla ya kuwasha, maana tairi likishatembea linapata moto presha inapanda, ukipima muda huo unajiona uko sawa kumbe uko chini. Cheni nimeisukuma kwa kidole pale katikati ikacheza kama sentimita tatu, safi. Oili inaonekana kwenye kidirisha. Taa, breki, honi, haya twende.

Nimechukua barabara ya tambarare, lami nzuri, imenyooka mpaka inachekesha, unaona kabisa pale mbele inapoishia halafu ukifika haijaishia. Magari hamna, nikafungua tu, 90, 100, 110, upepo unanisukuma kifuani kama mtu tuna ugomvi na helmeti inataka kuondoka na kichwa changu. Spidi ikiongezeka mara mbili, ule mkandamizo wa upepo unaongezeka mara nne, shuleni nilikariri hiyo kitu bila kuielewa, leo shingo yangu imeelewa. Kilomita 150 kwenda, nikageuza, 150 kurudi, nimesimama mara moja tu kuchimba dawa.

Makalio yalikuwa yanawaka. Nikajifariji na habari ya ile mashine ya Daimler na Maybach kule Ujerumani mwaka 1885, wengi ndo wanaihesabu kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli, fremu ya mbao, injini imekaa chini ya kiti, na inasimuliwa kuwa kwenye safari zake za mwanzo kiti kilishika moto kweli. Cha kwangu angalau kilikuwa kinafuka tu.

Saa nane mchana nimeingia nyumbani nimejaa vumbi, najiona mtu wa maana. Mama watoto akaniuliza, "Haya, umeona nini huko?"

Nikafungua mdomo. Nikawaza. Nikamwambia, "Barabara."

"Kilomita mia tatu zote hizo, umeona barabara?"

"Na lori moja la bluu, nililiovateki."

Hakusema kitu, akaendelea na shughuli zake, na ile kunyamaza kwake ndo imenikera mpaka sa hivi ninapoandika. Maana ni kweli. Nikifumba macho naona mstari mweupe wa katikati unakuja unakuja unakuja, na sahani ya spidi. Zaidi ya hapo patupu.

JUMANNE

Leo milimani. Nimeondoka asubuhi kabla jua halijatoka vizuri, huku chini joto la kawaida tu, jaketi nimeliacha wazi kwa mbwembwe. Unapanda juu mita elfu moja baridi inaongezeka kama nyuzi sita au saba hivi, halafu weka na upepo wa pikipiki juu yake, kufika katikati ya mlima vidole vimegoma kabisa, nabonyeza klachi kama nabonyeza jiwe. Nikawa kila nikipata sehemu iliyonyooka nashusha mkono wa kushoto naukinga karibu na injini, unapata moto kidogo, naurudisha. Glavu za maana ninazo. Ziko kabatini.

Lakini kona, jamani kona. Mtu ambaye hajaendesha pikipiki ukimwambia utamu wa kona anakuangalia tu. Unapunguza mwendo kabla hujaingia, gia unaichagua mapema, unaitazama kule unakotaka kutokea na chombo chenyewe kinalala, unampa mafuta taratibu, kinainuka, na kona nyingine hiyo hapo inakusubiri upande wa pili. Kuna kitu kimoja huwa naangalia, pale mbele ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kama zimekutana. Pakiwa panakimbia mbele yako ujue kona inafunguka, pakianza kukusogelea ujue inazidi kujikunja, tulia mapema. Nimekata kona kama arobaini kwa mtindo huo, kichwa kimeanza kuvimba.

Ya arobaini na moja ndo ikafungua bonde. Yaani ukuta wa mlima ukaisha ghafla na upande wote ukawa hewa tupu, chini kabisa kuna kitu cheupe kimetandazwa, na mimi kama mjinga nikageuza macho kuangalia. Pikipiki inaenda macho yanakoenda, hilo kila mwendeshaji anaambiwa siku ya kwanza na kila mmoja anasahau siku yake. Niliporudisha macho nipo pembeni kabisa juu ya zile kokoto zinazofagiliwa na magari, tairi la nyuma likateleza kama upana wa kiganja, likashika, likateleza tena kidogo, likashika. Sikugusa breki, si kwa ujanja, ni kwa sababu mwili mzima uliganda.

Mita mia mbele kulikuwa na eneo pana la kuegesha. Nimesimama, nimezima, nimekaa chini nimeegemea tairi. Mikono inatetemeka. Injini inapoa inalia tik, tik, tik.

Na hapo ndo nikaliona lile bonde. Kile cheupe ni ukungu, usiku hewa ya baridi ni nzito inateremka inajikusanya chini kwenye bonde kama maji kwenye bakuli, kwa hiyo juu nilipo kweupe pee na jua limetoka halafu chini ni bahari ya maziwa, vilele vya vilima vidogo vimechomoza kama visiwa. Nikategemea nitaangalia dakika mbili niondoke. Jua likaanza kupasha, ukungu ukawa unachanika vipande, kikatokea kipande cha mto, kikafunikwa, likatokea paa la nyumba linang'aa, likapotea, kikatokea kile kipande cha mto tena lakini sasa ni kirefu zaidi. Nimekaa saa nzima. Helmeti sikuivua, nilisahau.

Kushuka nimeweka gia ya tatu nikaiacha injini inishikie mwendo, breki nazigusa tu kwenye kona, maana ukizikandamiza mteremko mzima zinapata moto mwisho zinakuwa laini hazishiki. Nimesimama mara tano. Nyumbani nilipoulizwa nimeongea mpaka nikaambiwa basi, kula kwanza.

JUMATANO

Mvua. Kilomita 60 jumla, 30 za kwenda na 30 za kujuta.

Matone ya kwanza ndo ya hatari kuliko mvua yenyewe, vumbi na oili iliyodondoshwa na magari siku zote hizo vinachanganyika na maji kidogo barabara inakuwa imepakwa sabuni, ikishanyesha ya kutosha inaosha afadhali. Ile michoro ya rangi barabarani nayo usiiguse, nilikanyaga mmoja wakati nasimama, tairi la mbele likanikonyeza. Nikajibanza chini ya daraja.

Kabla mvua haijanikuta lakini, kama kilomita mbili hivi, niliinusa. Ile harufu ya ardhi kavu inapopigwa na maji, kwenye gari na vioo vimefungwa huipati, kwenye pikipiki inakuingia kifuani nzima nzima kabla hujaona hata tone. Mwaka 1964 wanasayansi wawili kule Australia, Isabel Bear na Richard Thomas, ndo waliipa jina wakaiita petrichor, na sehemu yake kubwa inatokana na kitu kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni ambacho pua ya binadamu inakikamata hata kikiwa kidogo mno. Nikakaa chini ya daraja navuta pua kama mbwa. Maji ya mto yalikuwa ya kijivu nilipofika, baada ya nusu saa yakawa rangi ya chai ya maziwa yanashuka na majani na kandambili moja. Moja tu, ya kushoto. Nimeifuatilia na macho mpaka ikapinda.

Nimerudi nimelowa soksi. Hamna la zaidi.

ALHAMISI

Ziwani, na njia ya kwenda kule ni ya vumbi kilomita 45 za mwisho. Nimepunguza upepo wa matairi kidogo, nikawa nasimama kwenye vikanyagio, magoti yamebana tenki, mikono legelege. Watu wengi wanaogopa vumbi kwa sababu wanaishika pikipiki kama wanamkamata mwizi. Iache icheze, tairi la mbele lina tabia ya kutafuta njia lenyewe, wewe angalia mbali na usimwachie mafuta ghafla. Kwenye mchanga hasa, breki ya mbele isahau kwamba ipo.

Njia yenyewe imepita kwenye majani marefu ya rangi ya simba, pande zote, unaona anga na majani na huo mstari mwekundu wa udongo, halafu bila taarifa panafunguka, maji. Maji mpaka mwisho wa macho. Nikafurahi nikashuka haraka, nikapiga stendi ya pembeni, nikatembea hatua kumi nipige picha, nikasikia nyuma yangu puu.

Stendi ilizama. Udongo wa kando ya maji juu umekauka chini ni uji, mguu mwembamba wa stendi umeingia kama kidole kwenye siagi, na chombo cha kilo 150 na ushee kimelala na mafuta yanavuja kwenye mfuniko. Kukiinua kuna namna yake, zima kwanza, ingiza gia kisikimbie, geuka ukipe mgongo, chuchumaa, kamata usukani mkono mmoja na fremu mkono mwingine, halafu uinuke kwa miguu ukirudi kinyumenyume, usitumie kiuno. Najua yote hayo. Nimejaribu mara mbili, viatu vinateleza tu kwenye tope.

Akatokea mzee na baiskeli yake, anaikokota wala haiendeshi, akasimama akaangalia kwa utulivu kabisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imelala?"

"Imelala mzee."

"Basi tuiamshe."

Tukaiamsha. Mkono wa klachi umepinda kwa nje kidogo, kioo cha pembeni kimezunguka kinaangalia mbinguni, mengine mazima. Mzee hakusema neno, akaenda akaokota jiwe bapa la ukubwa wa sahani, akaliweka chini ya stendi, akalikanyaga mara mbili lishike, akanitazama. Sikulipiga picha lakini naliona mpaka sa hivi, la kijivu lina mshipa mweupe katikati. Sa hivi lipo kwenye begi langu, mzee alicheka nilipomuomba niondoke nalo.

Tukakaa pale. Maji yametulia kama kioo. Akaniambia subiri, saa saba upepo utageuka. Nikatikisa kichwa kwa heshima tu. Saa saba na dakika chache majani yaliyokuwa yametulia yakaanza kuinama kuelekea nchi kavu, maji yakaota mikunjo kuanzia mbali yakija kwetu, na nikapata baridi usoni. Nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, hewa ya ziwani inakuja kujaza nafasi, hiyo naijua kwa vitabu, lakini kuiona inakuja kwa miguu yake juu ya maji, muda uleule aliousema mtu, ni habari nyingine. Mzee akainuka, akachukua baiskeli yake, akaondoka.

Nimerudi na klachi iliyopinda, vidole vimezoea ilipofika kilomita ya ishirini.

IJUMAA

Nimeirudia barabara ya Jumatatu, ileile, makusudi kabisa. Nimejiwekea 60. Ukiwa 110 unakula mita thelathini kila sekunde moja, kupepesa macho tu mita kadhaa zimeshapita hujaziona, kwenye 60 ni kama kumi na saba. Mwanzo inaudhi, kila lori linakupita na dereva anakuangalia kama mgonjwa. Kilomita ya thelathini nikaacha kuangalia sahani ya spidi.

Kumbe kuna daraja la zamani la mawe pembeni ya lile la sasa. Jumatatu nimelipita mara mbili, kwenda na kurudi, sikujua kama lipo, na lina matao matatu na mti umeotea juu yake mizizi imelikumbatia. Kumbe kuna kijito kinatembea sambamba na barabara kama kilomita tisa hivi, kinajificha kwenye matete kinatokea. Kumbe ile tambarare niliyoidharau ina vilima kwa mbali, tabaka tatu, cha karibu kijani, cha nyuma yake kijivu, cha mwisho kabisa bluu, na kile cha mwisho si cha bluu chenyewe, ni hewa iliyopo kati yako na kile inayotawanya mwanga wa bluu, kwa hiyo unakuwa unaangalia umbali wenyewe.

Na lile lori. Nilisema nililiovateki lori la bluu. Nimelikuta. Limesimama pembeni, halina tairi hata moja, kwenye boneti majani yametokeza, na mlango wa dereva haupo. Nimeshuka nikachungulia, kwenye kiti kuna kiota cha ndege na mavi ya popo. Hilo lori lina miaka pale. Jumatatu nilipita kwa spidi gani mpaka nikaliona linatembea, mi sijui, na ningeapa mahakamani.

Nimecheka peke yangu barabarani.

Nimesimama mara kumi na moja. Umbali nimefika nusu tu ya ule wa Jumatatu, saa nilizotumia zilezile. Kurudi jua lilikuwa mgongoni limeshuka chini, ule muda ambao mwanga umepita kwenye hewa nyingi bluu imepotelea njiani imebaki dhahabu, kila jani lina kivuli chake na kivuli changu mimi na pikipiki kiko mbele yangu kirefu kama nguzo, nakikimbiza sikipati. Nimevunja sharti la giza kwa dakika kumi. Taa ya mbele ilikuwa imejaa wadudu, nikasimama kuifuta.

JUMAMOSI

Nimemwambia mama watoto kuhusu lori, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema, "Kesho twende wote nikalione." Kwa hiyo leo tumeenda wote.

Tairi la nyuma nimeongeza upepo, springi ya nyuma nimeikaza ngazi mbili, maana ukipakia mtu nyuma inakaa chini, taa inaangalia juu na usukani unakuwa mwepesi wa ajabu. Kona za mwanzo alikuwa anaegemea upande wa kinyume kwa woga, pikipiki inataka kulala yeye anaivuta isimame, tukawa tunabishana kimyakimya na mwili. Nikasimama nikamwambia, kona ya kushoto angalia juu ya bega langu la kushoto, ya kulia bega la kulia, basi, mengine niachie. Ikatulia papo hapo. Tukakubaliana na alama, kofi moja begani punguza, mawili simama.

Amenipiga makofi mawili mara kumi na nne.

Sikuwa na habari kwamba abiria wa nyuma ndo mwenye safari. Mimi nina kazi, nina mashimo, nina kokoto, nina lori la mbele na gari la nyuma, yeye ana macho mawili hayana shughuli. Tumelitembelea lori, akaingia akakaa kwenye kiti cha abiria pembeni ya kiota, akasema tuondoke tutachelewa. Tumekaa kwenye daraja la mawe tukining'iniza miguu. Nilimwonyesha vilima vitatu kwa majivuno kama nimevijenga mimi, akasema viko vinne. Nikahesabu. Viko vinne.

Breki nimezikamata mapema safari nzima, uzito ukiongezeka chombo kinataka nafasi zaidi kusimama, na pia sikutaka helmeti yake iendelee kugonga yangu, ko, ko, kila nikipunguza gia.

Jioni hii nimekaa nje napaka cheni oili, ikiwa bado ya moto ndo oili inaingia vizuri kwenye vipingili. Nazungusha tairi kwa mkono taratibu, yeye amekaa ngazini anawasimulia watoto. Anasema kulikuwa na korongo amesimama kwa mguu mmoja kwenye matete. Anasema kuna nyumba juu kabisa kilimani ina mlango mwekundu na hamna njia ya kwenda. Anasema kuna mtoto alitupungia na kijiko. Nasikiliza tu, naendelea kupaka, hayo yote nimeyapita nikiwa mbele yake kwa nusu mita.

"Na yule mbwa je," akaniambia, "aliyekimbia na sisi mpaka pale darajani?"

"Mbwa gani?"